Namna Ridhiwani Alivyousikia Mlima

Dukani kwa Twalibu, pale Kasulu mjini karibu na soko, muvi mpya haiuzwi mpaka mkewe Asmahani aitazame mwanzo mpaka mwisho. Utaratibu huo hakuna aliyeutunga. Ulikuja wenyewe, baada ya aibu. Mwaka waliooana, Twalibu aliuza kopi iliyochukuliwa kwa kamera ya kuficha ndani ya ukumbi wa sinema huko ng'ambo, na mahali pa kulia, shujaa anakata roho, kichwa cha mtu kikapita mbele kinakwenda chooni. Wateja walirudisha zote. Mzee mmoja tu wa Muyama ndiye aliyegoma kurudisha ya kwake. Alisema hiyo ndiyo kopi nzuri, maana mle ndani watu wanasikika wakicheka, na yeye asiyejua Kiingereza anapata kujua wapi acheke.

Tangu siku hiyo Twalibu husema, "Aione Mama Ridhi kwanza." Na Mama Ridhi, aliyeishia darasa la saba, amejitengenezea mizani yake. Picha haipimi kwenye jua, kwa sababu kwenye jua kila kopi ni nzuri. Husubiri mahali penye usiku. Kopi mbovu, usiku wake ni kama sufuria lililoungua, weusi mtupu. Kopi nzuri, giza lake lina vyumba: unaona ukuta, unaona mtu amejibanza ukutani, unaona hata kwamba anaogopa. Sauti huipima kwa kuipa mgongo. Anageukia mlangoni na ungo wake wa maharage, anachambua huku anasikiliza. Akitambua nani kaingia, kavaa viatu gani, na kama mlango uliofunguliwa ni wa mbao au wa bati, basi sauti ipo.

La tatu ni nyongeza, vile vipande vinavyofuata baada ya muvi kwisha, vinavyoonyesha ilivyotengenezwa. Hivyo hakuna mteja anayeviulizia. Asmahani huviangalia kwa sababu yake mwenyewe. Kama alivyokuwa utotoni, akipewa mdoli alitaka kwanza kujua ndani umeshindiliwa nini.

Muvi iliyokuwa ikisubiriwa mwaka huu watu waliiita Mlima tu. Jina lake la kwenye kava lilikuwa refu na la Kiingereza, lakini kava lilikuwa na mlima wenye mabega, umesimama na unatembea kuelekea mjini, na hilo likatosha kuwa jina. Khatibu, binamu yake Twalibu aliyeko Dar, aliituma kwa basi, diski orijino kabisa, imefungwa nailoni yake. Twalibu aliishika kama anashika yai.

"Wiki hii, mke wangu," alisema, "hapa hakuna kulala. Yule muuzaji wa kona ya stendi anayo ya kamera. Sisi tuna yenyewe."

Asmahani alisema ndiyo. Lakini wiki hiyohiyo redio ilikuwa imetangaza kitu kingine: madaktari wa masikio wamefika Kibondo, hospitalini, watakuwapo mpaka Ijumaa, mwenye mtoto mwenye tatizo ampeleke.

Mwanawe Ridhiwani alikuwa na miaka miwili na nusu, na hajasema neno. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye mashavu, anayecheka na kila mtu. Sauti alikuwa nayo, lakini ilikuwa ya kuguna na ya kuimba peke yake, haikuwa na maneno ndani. Mama mkwe wa Asmahani, Bi Mwanahawa, aliyelelewa Ujiji na anayejua mambo yote ya watoto, hakutaka hata lizungumzwe.

"Usimtangazie mtoto ubaya, mwanangu. Kila mtoto na wakati wake. Baba yake huyu alisema akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo ni nani amewahi kumnyamazisha?"

Twalibu naye alikuwa na hoja ambayo duka zima lilikuwa shahidi. Dukani palikuwa na sabufa, lile boksi kubwa la mdundo, na spika zake mbili ndogo zilizotundikwa ukutani. Muziki ukiwekwa, Ridhiwani huliendea boksi, akalikumbatia, akalaza shavu juu yake, akafumba macho. Wateja walimpa jina, DJ Ridhi.

"Masikio yana nini?" Twalibu aliuliza, bila kumtazama mkewe. "Mtoto anapenda muziki kuliko mimi. Twende Kibondo tukamwambie daktari kwamba tuna DJ? Tena wiki ya Mlima?"

Alisema kwa kucheka, lakini kucheka kwake kulikuwa kama kwa mtu anayeegemea mlango ili usifunguliwe. Asmahani aliliona hilo. Hata yeye hakuwa na hakika. Yule mtu wa kukumbatia sabufa, masikio yake yana nini?

Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado haujainuka na soko halijachangamka, aliweka diski kwenye deki, akamkalisha Ridhiwani mkekani, akaanza kazi.

Picha ilikuwa ya ajabu. Mlima uliamka usiku, na usiku ule ulikuwa na vyumba mpaka vya uani. Aliona kondoo wakikimbia gizani mmoja mmoja. Alipougeuzia mgongo, sauti ilimtembelea shingoni. Mawe yalisagana, mtoto wa kike aliita mama yake kutoka mbali, kijiko kikaanguka sakafuni. Alijua ni sakafu ya vigae. Mlima ulipokanyaga, ungo ulicheza mapajani pake na maharage mawili yakaruka. Ridhiwani akapiga kelele ya furaha.

Kisha zikaja nyongeza. Asmahani alisogeza kigoda.

Zilionyesha chumba kimejaa takataka, kama stoo ya fundi. Mzee mwenye kaptula alikuwa anaburuta jiwe la kusagia juu ya sakafu huku anatazama picha, na hapo ndipo Mlima uliposaga meno. Mwanamke alivunja mabua makavu, na mguu wa askari ukavunjika. Halafu wakakaanga kitu kwenye mafuta, karibu kabisa na kinasa sauti, na kwenye picha mvua ikanyesha.

"Kumbe mvua ni maandazi!" Asmahani alisema peke yake, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Hakuwahi kufikiri kwamba picha na sauti ni vitu viwili. Alidhani vinazaliwa pamoja, kama mtu na kivuli chake.

Wale watu wakaendelea. Walionyesha kipande kimoja kwanza kikiwa bubu: mbwa anabweka bila kubweka, mlango unabamizwa kimya, Mlima unakuja kama moshi. Kisha wakakirudia na sauti zote. Asmahani aliangalia mara ya kwanza, akaangalia ya pili, na alipotaka kumwonyesha mwanawe yule mbwa, ndipo alipoona.

Ridhiwani alikuwa amecheka mahali palepale. Kwenye kipande bubu alicheka mbwa aliporuka. Kwenye kipande chenye sauti, mbwa alianza kubweka nyuma ya mlango kabla hajaonekana, alibweka sana, na Ridhiwani alitulia tu. Akacheka mbwa aliporuka.

Asmahani alirudisha nyuma kwa rimoti. Ikawa vilevile. Akarudisha tena.

Akazima televisheni. Halafu akafanya kama yule mzee wa kaptula. Alikwenda nyuma ya mtoto na vitu vyake: ungo wa maharage, mwiko na sufuria, funguo za duka, mfuko wa nailoni. Ridhiwani alikuwa anachezea kava la Mlima. Alitikisa maharage. Kimya. Alichakarisha nailoni. Kimya. Funguo, hakuna. Akamwita kwa jina lake, taratibu, kama alivyokuwa akimwita zamani akimnyonyesha, "Ridhi. Ridhi wa mama." Mtoto alikuwa anakwaruza mlima kwa ukucha.

Alipopiga sufuria kwa mwiko kwa nguvu zake zote, Ridhiwani aligeuka, akamwona, akacheka. Kwa hiyo kuna kinachoingia. Asmahani alitaka kujua ni kipi. Aliwasha muvi tena, akalaza shavu lake mwenyewe juu ya sabufa, kama afanyavyo mwanawe, akaziba masikio kwa vidole. Maneno ya watu yakapotea. Yule mtoto wa kike na mama yake wakapotea, na kijiko kikapotea. Ila Mlima ulibaki. Ulipanda kwenye mfupa wa shavu, ukashuka mpaka kwenye meno.

Kumbe mwanawe hakuwa akisikiliza muziki. Alikuwa akiushika.

Hakulia. Alihisi kitu kilichokaribia furaha, akakionea haya: furaha ya kujua. Lakini kumjulisha Twalibu ilikuwa kazi nyingine. Akimwambia kwa maneno, atamjibu kwa maneno, na kwa maneno Twalibu hashindwi na mtu. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Mchana Twalibu alirudi kutoka sokoni, na nyuma yake akaingia Polycarpe. Polycarpe ni Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwenye banda la video, ambaye akipata kibali cha kutoka huja kuchukua muvi.

"Mama Ridhi, jambo! Ile Mlima imefika? Inafaa uniambie ukweli, son yake iko muzuri? Juu ya image miye sina shida, televizyo yangu iko kadogo. Lakini son! Batu ya kule banataka basikie mpaka tumbo itetemeke."

"Sauti ipo, Polycarpe. Kaa uisikie mwenyewe." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, Baba Ridhi. Kaeni wote wawili."

Kabla hajawasha, alipita nyuma ya sabufa kama anayefuta vumbi, akachomoa nyaya mbili za spika ndogo. Boksi kubwa akaliacha.

Muvi ilianza. Watu walifungua midomo, hakuna kilichotoka. Msichana aliita, mama yake akageuka. Kimya. Kisha dum, ikatoka sabufani, nzito na ya chini. Dum. Watu wakakimbia kimya kimya. Ridhiwani alikwenda akalikumbatia boksi lake, akafumba macho.

"Ah, mama!" Polycarpe alisema. "Hii son imekufa. Inanitesa. Wale banaongea nini?"

"Sijui," alisema Asmahani.

Twalibu alikwishasimama. "Khatibu ameniua! Nimemwambia orijino, ananiletea hii! Watu wanatafuna hewa tu! Nani atanunua hii? Hujui nani anamwita nani, hujui—"

"Hujui nini?"

"Hujui chochote! Unaona tu midomo."

"Kaa hivyohivyo kidogo, Baba Ridhi."

"Nikae nini? Ngoja nimpigie."

"Usimpigie. Diski ni nzima." Asmahani akainua ncha za zile nyaya mbili. "Nimechomoa waya. Hivi unavyoiona wewe sasa ndivyo anavyoiona huyu siku zote." Akamwonyesha Ridhiwani kwa kidevu. "Anapata ule mdundo tu. Sisi wengine wote tunafungua midomo."

Sabufa iliendelea, dum. Polycarpe alivua kofia yake. Aliwahi kumwita yule mtoto mara tatu siku moja akiwa na pipi mkononi, akadhani ana kiburi. Hakulisema hilo siku ile, alilisema baadaye.

Twalibu alikwenda akachuchumaa nyuma ya mwanawe. Akapiga makofi, taratibu. Akapiga kwa nguvu zaidi. Akasema, "Ridhi." Alisema tena, mdomo ukiwa karibu na kisogo cha mtoto. Ridhiwani alihisi pumzi shingoni, akageuka, akamwona baba yake, akacheka kwa meno yake yote madogo.

"Basi la Kibondo la asubuhi," Twalibu alisema, bado amechuchumaa, "linapita saa ngapi?"

"Na Mlima je?" aliuliza Polycarpe, halafu akajipiga mdomoni. "Pardon. Mutanisamehe."

"Chukua," alisema Twalibu. "Peleka diski yenyewe. Nikirudi tutaongea."

Bi Mwanahawa alipopata habari alinuna jioni nzima. Lakini alfajiri ndiye aliyewafungia mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai, akamvalisha mjukuu sweta mbili kwa baridi ya milimani, na kumnong'oneza sikioni maneno ambayo hakuna aliyejua ni dua au ni samahani.

Kibondo walipanga foleni mpaka adhuhuri. Daktari alikuwa kijana, mpole. Alimkalisha Ridhiwani mapajani pa mama yake, na msaidizi wake akaenda nyuma na kisanduku. Asmahani alipotazama ndani ya kisanduku, karibu acheke: njuga, kopo lenye mbegu, kijiko, karatasi ya kuchakarisha. Kumbe na hawa ni wale wale wa nyongeza!

Walimchungulia masikio kwa taa. Daktari alisema kuna maji yaliyoganda nyuma ya ngoma ya sikio, kote kuwili, na huenda yamekaa muda mrefu. Atapewa dawa, atarudi kupimwa, na yasipokauka atafanyiwa upasuaji mdogo wa kuyatoa. Hakuahidi kwamba maneno yatakuja yote au yatakuja lini. Alisema tu kwamba wamewahi.

"Mlijuaje?" aliuliza. "Wengi huwaleta wakiwa wameshaanza shule."

Twalibu alimtazama mkewe. "Huyu ndiye mkaguzi wetu," alisema.

Kurudi Kasulu walipata kiti cha dirishani. Basi lilipoanza kupanda vilima, injini ikaunguruma, na Ridhiwani akalaza shavu kwenye kioo, akafumba macho. Asmahani alitaka kumtoa asije akagonga kichwa. Kabla hajanyosha mkono, Twalibu aliinama juu ya mtoto, akalaza shavu lake kwenye kioo hichohicho, akaziba masikio kwa vidole, akatulia hivyo mpaka Kasulu ikaanza kuonekana.