Wakili Niliyempata Mazishini

Kwa miaka mingi nimekana, lakini ni kweli: wakili wa talaka yangu nilimchagua kwa sababu ya sauti yake. Nilimsikia akihutubia mazishi huko Kola, nyumbani kwa kina Mutua, mume wangu, nikajiambia huyu ndiye atakayemnyamazisha Mutua mbele ya hakimu. Mimi na digrii yangu, sikuuliza alikuwa msemaji wa ukoo gani. Nilienda ofisini kwake Machakos nikamwaga siri zote, naye akiandika polepole na kunipa pole.

Ijumaa, shuleni ninakofundisha, niliitwa kupokea simu ofisini kwa mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu akiwa ameketi papo hapo. Aliyepiga alikuwa mama mkwe.

“Mwana wakwa, hiyo talaka tumeisikia. Kesho ukoo utakaa kuwapatanisha.”

“Nani amewaambia, mwaitu, mama yangu?”

“Si wakili wako? Ndiye mwenyekiti wetu.”