Reli ya Ghala la Mahindi

Mume wangu alipostaafu kazi ya reli na kurudi nyumbani Sosiot, miaka ya tisini ikianza, nilimpokea kama mgeni wa Krismasi aliyesahau kuondoka. Tangu tuoane yeye alikuwa huko chini kwenye njia ya Kisumu, akihamishwa stesheni hadi stesheni, nami nilikuwa hapa na chai, ng'ombe na watoto. Sasa watoto walikuwa wametoka, na mdogo wao alikuwa shule ya bweni. Tulibaki wawili, tukipishana mlangoni kwa adabu nyingi.

Kwetu treni haipiti. Kuna mvua ya alasiri, kuna ng'ombe, kuna lori la majani chai likinguruma mlimani. Lakini mzee alikuwa akiinua kikombe, anakiacha hewani na kutega sikio. Nikimuuliza anasikiliza nini, ananiambia si kitu. Nilijua. Saa ile kulikuwa na treni ya mizigo ikipanda kutoka Muhoroni, na mwili wake ulikuwa bado kazini. Isitoshe, rafiki yake mmoja alikuwa amemtafutia kazi ya ulinzi Nakuru, kwenye karakana iliyo kando ya reli, na walikubaliana atoe jibu mvua za masika zikiisha.

Sikumwambia abaki. Mimi ni mtu wa kununa, si wa kusema. Niliingia kwenye chai nikachuma kwa hasira mpaka vidole vikawa vyeusi.

Siku moja alinifuata jikoni.

"Mama watoto, ile ghala ya mahindi iko na kitu?"

"Iko na panya."

"Basi nipatie. Nataka kutengeneza reli kidogo."

Nilidhani anatania. Kabla ya wiki kuisha alikuwa ametandika mbao kuzunguka ghala lote, juu ya magunia yaliyojazwa makapi. Reli zenyewe zilikuwa waya wa seng'enge aliounyoosha kwa nyundo, mwiba baada ya mwiba ukitolewa kwa koleo. Injini ilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, na ndani yake mota ya redio kaseti iliyokufa zamani. Magurudumu yalikuwa vigurudumu vya mbao vya uzi wa cherehani, na behewa la nyuma lilibeba mawe ya tochi, betri za kuendesha ile mota. Mawe yakiisha nguvu alitaka kuyaanika, lakini jua la kwetu masika ni la kuombea, kwa hiyo niliyapasha joto mimi kando ya meko, nikijiambia kwamba sijali.

Kisha alikwama. Reli ilikuwa tambarare, na alitaka milima.

"Milima ni udongo," alisema, akinitazama kwa pembe ya jicho. Kwetu kukandika ni kazi ya mwanamke, na alijua sana.

Basi nilikanda. Udongo, maji, mavi ya ng'ombe, vile vile nilivyokandika nyumba yetu ya kwanza. Nikainua mlima wa Sosiot, nikateremka bondeni, nikapanda tena mpaka upande wa Kiptere. Yeye alinifuata nyuma akipitisha waya wake.

"Hapo ni kwa shemeji," nikamwambia. "Umepitisha gari la moshi kwa choo yake."

"Atalipwa fidia," akasema, na nikacheka kabla sijakumbuka kwamba nimenuna.

Kosa nililofanya nitalieleza, maana mwanamke yeyote wa kwetu angenicheka. Majuma yale ng'ombe alikuwa amekula makapi ya wimbi, na makapi yale hayakupepetwa vizuri. Mavi yake yalikuwa na mbegu. Ukikandika nyumba yenye meko haidhuru, moto na moshi vinaukausha ukuta upesi. Ghalani hakukuwa na moto. Kulikuwa na unyevu, na mwanga mdogo wa dirishani. Asubuhi moja nilifungua mlango nikaona milima yangu imeota manyoya ya kijani.

Niliona aibu. Ukuta ulioota ni ukuta wa mwanamke asiyejua kazi. Nilikuwa nimeshaanza kung'oa mzee aliponishika mkono.

"Wacha! Hiyo ni chai."

Nikatazama tena. Kweli, kwa milima midogo kama ile, wimbi lile lilikuwa chai. Mimi mwenyewe nikaleta mkasi, nikaikata juu iwe sawa kama tunavyokata michai shambani, nikaacha vijia vya wachumaji katikati. Miche ile ilichipua tena na tena, nami nikaikata tena na tena.

Hapo ndipo alasiri zetu zilipoanza. Nikisharudi kutoka kupima majani kwenye kituo cha chai, mvua ikigonga mabati, tuliingia ghalani. Kulikuwa na stesheni mbili, moja upande wake wa dirisha, nyingine upande wangu wa mlango. Mzee hakukubali treni iondoke kwake kabla hajagonga kopo kwa kijiko na mimi kugonga langu kumjibu. Siku za mwanzo nilichelewa shambani nikamkuta amekaa mbele ya treni iliyosimama, mikono mapajani.

"Si ungeituma tu? Nani anakuona?"

"Reli ni moja, mama. Bila jibu la stesheni ya mbele, treni haitoki."

Basi alikuwa akinisubiri. Nilianza kuchuma haraka, na sikumwambia mtu kwa nini.

Ile treni ilikuwa ya polepole mno. Ukiinama mpaka kidevu kiguse mbao, ghala lilitoweka. Ulibaki ukungu uliopenya dirishani, mlima wa kijani, na kopo moja likija kwa mbali, likipotea bondeni na kutokea tena. Mara nyingine sikujua kama nimelala au niko macho. Na ilipokuwa katikati ya njia, bado haijafika kwangu wala kurudi kwake, tulizungumza. Aliniambia kwamba kule stesheni, akifungua pakiti ya majani chai, aliinusa kwanza, akiwaza huenda kuna majani niliyochuma mimi. Miaka yote ile nilidhani hanifikirii kabisa. Nilimpenda pale, ghalani, na mvi zangu zote, kuliko siku ya harusi.

Masika yaliisha. Wimbi likageuka manjano, milima ikapasuka nyufa, na habari ikaja kutoka Nakuru kwamba, kama anakuja, wanamngoja Jumatatu. Yeye hakuniuliza neno, nami sikusema neno. Jumatatu asubuhi nilimjazia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kama nilivyomjazia kila safari. Nikakiweka kando ya begi lake, nikavaa kikapu mgongoni, nikashuka kwenye chai bila kuaga.

Nilikuwa sijamaliza mstari niliposikia kopo likigongwa ghalani. Likanyamaza. Likagongwa tena. Nikaendelea kuchuma, machozi yakinizuia kutofautisha jani changa na lililokomaa. Lilipogongwa mara nyingine nilipanda kwenda juu nikiwa nimelowa umande mpaka kiunoni.

Alikuwa amekaa stesheni yake, amevaa koti la safari, kibuyu mapajani.

"Nimegonga sana," alisema.

"Nimesikia."

"Na hujibu."

"Sijibu kwa sababu sitaki uende." Nilishika mwimo wa mlango. "Sikutaka uende hata siku moja. Hata ile ya kwanza."

Aliinua kibuyu.

"Lakini kila nikienda ulikuwa unanijazia hii. Imejaa mpaka mdomo, imefungwa vizuri. Mimi nilikuwa nasema, huyu mama anafurahi nikitoka."

"Nilikuwa najaza ndio usife njaa huko!"

"Hukusema."

"Hukuuliza."

Alizibua kibuyu, akanipa nikanywa, akanywa naye. Halafu akanivua kikapu mgongoni, akakivaa mwenyewe, jambo ambalo mwanamume wa umri wake hafanyi kwetu, akashuka shambani na koti lake la safari. Alichuma vibaya sana, majani magumu matupu. Nilisimama kando yake nikiyachambua moja moja.