Mwalimu wa Farasi Anayeogopa Farasi

Shangazi yangu Sinyati ana miaka thelathini na tatu, anafundisha watu kupanda farasi kule Usa River, na kazini wanamwita Chai Mbili. Si Kocha. Si Madam. Chai Mbili. Kwenye simu ya mlinzi amehifadhiwa hivyo hivyo, na ka-emoji ka kikombe juu.

Jina hilo alipewa na Magdalena, mpishi wa pale shambani. Kila asubuhi wafanyakazi wanakunywa chai na maandazi, wanaenda mazizini. Zikipita dakika ishirini, Sinyati anarudi jikoni peke yake, midomo imepauka, anasogeza kikombe tena.

"We dada," Magdalena akamuuliza siku moja mbele ya watu, "hilo tumbo lako lina ghorofa?"

Jiko zima likaanguka kicheko. Kesho yake aliporudi, Magdalena akapiga kelele, "Chai Mbili huyo!" na ikawa imeisha. Mnajua jina la kazini linavyonasa, ni kama gundi ya viatu. Shangazi akacheka nao. Alicheka kwa sababu ukweli ulikuwa mbaya kuliko jina. Chai ya kwanza haikuwahi kukaa tumboni. Alikuwa anaitapika nyuma ya ghala la nyasi, kila siku ya Mungu, kabla ya kupanda farasi. Kwa woga.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mwalimu wa farasi. Anaogopa farasi. Ni kama dereva wa bodaboda anayefumba macho kwenye kona. Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu akanisimulia yote, nikaacha kucheka.

Sinyati katokea Oldonyosambu, huku kwetu kwa Waarusha, magharibi ya Meru. Alishuka Usa River kutafuta kazi za usafi kwenye malodge. Siku moja akakutana na Mama Anande, mama wa Kichaga mwenye farasi tisa anaowakodisha kwa wageni na kufundishia watoto wa mjini. Mama Anande akamuuliza, "Kwenu mnafuga?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mnyama humwogopi."

Lile halikuwa swali, bana. Na hata lingekuwa swali, mtoto wa Kiarusha atasimama aseme anaogopa mnyama? Habari ingefika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo akasema hapana, haogopi. Kesho yake akapewa kumshika farasi ambaye bega lake lilikuwa juu ya kichwa chake, naye akaishika kamba kwenye ncha kabisa.

Akafanya alichokijua. Kwetu punda wa maji unakaa nyuma yake, unashika fimbo, unapaza sauti. Akaleta mambo hayo hayo kwa farasi, na yakafanya kazi. Tuseme yalionekana yanafanya kazi. Farasi alikuwa anakwenda macho yamemtoka, mkia umebanwa, na wateja wanashangilia, "Huyu dada ni wa moto!" Baada ya miaka minne akawa mwalimu. Na somo lake lilikuwa moja, kwa mtoto, kwa mzungu, kwa bibi harusi aliyekuja kupiga picha:

"Kaza hatamu! Kaza miguu! Mpige, asijue unaogopa!"

Hayo ya mwisho alikuwa anajiambia mwenyewe.

Ikaenda hivyo mpaka Februari mwaka juzi, Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwanafunzi alikuwa Agnela, binti wa miaka kumi, mwembamba, kofia ngumu imemlalia kwenye nyusi. Alikuwa juu ya Komando, farasi mkubwa wa kahawia. Komando alifika karibu na geti akagoma. Kule nje malori yanapita barabara ya Moshi, na geti lilikuwa wazi kwa sababu pikapu ya nyasi ilikuwa inaingia.

"Kocha," Agnela akasema, sauti ndogo, "naomba nishuke."

Shangazi anasema aliiona mikono ya yule mtoto. Ilikuwa inatetemeka vilevile kama yake. Angeweza kumshusha pale pale. Lakini kulikuwa na wazazi kwenye benchi, wanaangalia.

"Hakuna kushuka. Mpige."

"Kocha, jamani..."

"Agnela! Mpige! Akishajua unaogopa umekwisha!"

Agnela akapiga. Mara moja tu. Komando akarudi nyuma hatua mbili, akajikunja kama anataka kukaa, halafu akatoka. Mbio shoti, getini, njia ya vumbi, mita kama mia mbili hivi, moja kwa moja kuelekea lami.

Shangazi alikimbia. Anasema hakusikia kelele ya mtu yeyote, alisikia buti zake tu zinapiga chini. Akaona tela la lori linakuja upande wa kulia. Akasikia honi ndefu. Vumbi likafunika kila kitu, na ndani ya lile vumbi hakukuwa na sauti ya mtoto.

Hiyo sehemu huwa anaisimulia akiwa ameshika kitu. Kijiko, funguo, chochote.

Komando alikuwa amekata kona kwenye mtaro. Agnela alikuwa mtaroni, kwenye matope, amekaa, mkono mmoja unaning'inia vibaya. Mfupa wa juu ya kifua, pale unapokutana na bega, ulikuwa umevunjika. Ila alikuwa hai. Akamwangalia shangazi, akasema, "Kocha, nilimpiga kama ulivyosema."

Jioni ile Mama Anande aliita watu wote. "Huyu farasi basi tena. Amekimbia na mtoto wa watu mpaka barabarani. Hakuna atakayemnunua, na mimi siwezi kumlisha mnyama wa kuua watu. Nampigia daktari wa mifugo."

Kila mtu alijua daktari anakuja na sindano gani.

Shangazi akafungua mdomo aseme ukweli, kwamba kosa si la farasi. Yakatoka mengine. "Mama, nipe muda. Nitamrekebisha."

"Mpaka mwisho wa Juni. Utampanda mwenyewe, utoke naye getini, upite njia ile ile mpaka mtaroni, urudi. Akikimbia, daktari afanye kazi yake."

Sasa cheki balaa alilojiingiza. Komando akifa, anakufa kwa maneno aliyosema yeye. Na tangu siku ile hakuweza tena kupanda hata farasi mzee kuliko wote. Alikuwa anainua mguu, mguu unarudi chini wenyewe. Akawadanganya wenzake kwamba mgongo unamsumbua. Mchana anamtembeza Komando kwa kamba, wote wawili wanatazamana pembeni kama waliotalikiana wakakutana harusini. Usiku anaingia mtandaoni.

Huko ndiko alikomkuta, kwenye video moja, mzee mmoja wa Ureno, mwembamba kama ufagio, anafundisha upandaji wa zamani, ule farasi anaombwa halazimishwi. Lugha yake shangazi haielewi hata neno. Akaitazama video ile kama mara arobaini akitafuta kitu kimoja: huyu mzee anapiga saa ngapi?

Hapigi. Anasimama chini, kando ya bega la farasi, hatamu imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Anasogeza kidole, farasi anainamisha shingo. Akishapata kidogo tu, anaachia, anampapasa, anamwacha apumzike. Shangazi akaenda kwenye comments akaandika kwa Kiswahili chake, "Mzee, fimbo umeficha wapi?" Mpaka leo haijajibiwa, lakini ina likes sita.

Akaanza kujaribu asubuhi na mapema, kabla watu hawajafika. Anasimama kando ya bega. Si nyuma. Kwa mtu aliyelelewa na punda hilo peke yake ni mtihani, maana kando ya bega ndiko meno yalipo. Anavuta hatamu kidogo sana, anaachia. Wiki ya kwanza Komando alimkanyaga. Wiki ya pili alimsukuma kwa kichwa mpaka akaketi kwenye ndoo. Kila alipoinua mkono kumpapasa, farasi alifumba macho akisubiri kipigo. Hilo lilimuumiza kuliko kukanyagwa.

Aprili, mvua inanyesha, alikuwa anamnywesha maji, huku mwenyewe amebana pumzi kama kawaida yake. Bila kufikiri akapiga mluzi. Ule mluzi mrefu wa chini tunaowapigia ng'ombe wakiwa wanakunywa, kila mtoto wa kwetu anaujua. Komando akaacha kunywa. Akageuza sikio moja. Shingo ikashuka, ikashuka, mpaka mdomo wake ukagusa mkono wa shangazi.

Shangazi akapiga tena, akagundua kitu cha kijinga kabisa. Huwezi kupiga mluzi mrefu ukiwa umebana pumzi. Miaka yote hiyo alikuwa anamwambia farasi atulie huku mwenyewe kajifunga kifua kama mtu aliye chini ya maji. Farasi alikuwa anajua. Alijua tangu siku ya kwanza. Ile "asijue unaogopa" ilikuwa stori ya kujifurahisha.

Mei akapanda. Dakika tatu, akashuka, akaenda nyuma ya ghala. Kesho yake dakika nne. Akajifunza kusimamisha farasi kwa kutoa pumzi tu na kuuacha mwili uwe mzito. Akajifunza kuachia hatamu pale pale mwili wote unapopiga kelele "kaza!" Anasema kuachia ndiyo sehemu inayotisha kuliko zote, ni kama kufungua vidole ukiwa unaning'inia dirishani.

Tarehe ishirini na nane Juni, baridi ya Meru ile ya kuingia kwenye meno, ukungu umeshuka mpaka kwenye miti ya kahawa. Daktari wa mifugo kaja, sanduku lake kaliweka juu ya boneti. Komando katandikwa. Shangazi akamfuata Mama Anande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Panda basi, baridi hii."

"Mama, kuna neno. Siku ile Agnela hakutaka kupiga. Mimi nilimlazimisha."

Mama Anande akamgeukia Komando, kisha akamrudia yeye.

"Nilimlazimisha kwa sababu naogopa farasi."

"Unaogopa huyu?"

"Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiajiri."

"Sinyati! Miaka yote unakula mshahara wangu, unakuja kuniambia leo, daktari amesimama pale?" Akavua miwani, akaivaa tena. "Basi usipande. Ukifa nitamwambia nini baba yako?"

"Nisipopanda anakufa yeye."

Akapanda. Mguu ulirudi chini mara mbili, mara ya tatu ukakubali.

Getini Komando akasimama. Pale pale alipogoma siku ya Agnela. Shangazi akamsikia anatetemeka chini yake, au alikuwa anatetemeka yeye, hakuweza kutofautisha. Akajaribu kupiga mluzi. Mdomo ulikuwa mkavu kama unga, ikatoka hewa tu. Nje kulikuwa na machalii wa bodaboda, na machalii wa bodaboda hawajawahi kukosa ushauri.

"Dada, mchape huyo!"

"Amezima! Mpigie stata!"

"Sista, una fimbo ya urembo hiyo?"

Lori likapita. Mwili wake wote ulitaka kukaza. Akatoa pumzi. Akaivuta, akaitoa tena. Akafungua vidole kimoja kimoja mpaka hatamu ikalegea kabisa, akijua kwamba farasi akitaka kuondoka sasa hivi hakuna cha kumshika. Hakufanya kitu kingine chochote. Magdalena anasema zilipita dakika sita, shangazi anasema ulikuwa mwaka.

Komando akapiga hatua moja. Akasimama. Akapiga nyingine.

Walikwenda hivyo mpaka mtaroni. Pale honi ya basi ikalia, Komando akaruka pembeni, shangazi akaning'inia shingoni akiwa na uhakika kwamba ndiyo basi tena. Farasi akatua. Akasimama, masikio yote mawili yamegeuka nyuma, kwake, kama anauliza. Shangazi alikuwa analia, kamasi zinatoka, hana sauti. Akampapasa. Wakageuka, wakarudi kwa mwendo wa maandamano ya kanisani.

Mama Anande alimwangalia shangazi anashuka na kuketi chini kwenye majani. Halafu akamgeukia daktari. "Funga sanduku lako. Lakini usiende bure, nina mbuzi anakohoa kule nyuma."

Komando yupo, ana tumbo kubwa na maringo. Shangazi hakufukuzwa, ila alikaa mwezi mzima bila kufundisha, na akaenda mwenyewe kwa kina Agnela kuomba radhi. Mama yake Agnela alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Agnela hajapanda tena. Kuna siku huja anasimama nje ya uzio, anaangalia, anaondoka. Shangazi hamwiti.

Somo la kwanza siku hizi halina kupanda. Unasimama kando ya bega la farasi, na shangazi anakuuliza unaogopea wapi: tumboni, magotini, au mikononi? Wengine hukasirika, tumelipia kupanda bana. Wakijibu "mimi siogopi" anawaambia wakae kwanza kwenye benchi. Yeye mwenyewe bado anaogopa, na jana alinitumia voice note ya dakika mbili, pumzi tupu, kabla ya kumpanda farasi mpya.

Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja, asibaki peke yake kwenye aibu. Kwa hiyo wadau, shukeni huko kwenye comments. Wewe nesi unayeogopa damu, wewe fundi umeme unayefumba macho kabla ya kugusa waya, wewe mwalimu unayejifungia chooni kabla ya kipindi cha kwanza: ulianza kuogopa lini, na nani amelipia ukali wako? Tusimulie. Mnaoandika "mimi siogopi kitu", benchi lipo pale.