Asubuhi Niliyokimbia na Blanketi la Bibi

Mkasa huu sipendi kuusimulia, na ninyi mnajua mimi si mtu wa kuficha mambo yangu, lakini huu nikiukumbuka hata nikiwa peke yangu chumbani nainamisha kichwa kwa aibu. Ila kwa kuwa mmeniuliza kwa nini siku hizi mazoezi nafanyia ndani ya ua na geti nimelifunga, basi kaeni niwaambie, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana mwisho wake hauchekeshi.

Mimi ni bwana shamba hapa Kibondo, kwetu Morogoro, nimeletwa na serikali. Zamani kazi yangu ilikuwa ya miguu, mpaka nilipopewa pikipiki, nikawa natoka kitandani napanda pikipiki, nashuka kwenye pikipiki nakaa kwenye kiti, na jioni mama mwenye nyumba wangu, Mama Eveline, anapika maharage kwa mawese (jamani, nani angekataa?), nikanenepa mpaka mkanda nikautoboa tundu jipya kwa msumari. Siku moja nikashikwa na kizunguzungu katikati ya shamba la watu, kwenda kupima, presha iko juu. Daktari hakunipa masharti makubwa. Punguza chumvi, punguza mafuta, kila asubuhi tembea nusu saa, tembea tu, usishindane na mtu.

Sasa wakati huo mama yake Mama Eveline, Bibi Anastazia, alikuwa amelazwa. Hawa ni watu waliotoka Burundi kwa vita, Mama Eveline akiwa bado mgongoni, na siku hizi ni raia wenzetu, wana shamba na meza sokoni. Binti yake mkubwa, Eveline, alikuwa analala wodini na bibi yake, na yeye Mama Eveline anaamka alfajiri kupeleka uji kabla ya kuwahi sokoni. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, mimi natembea kila asubuhi kwa ajili ya presha, niachie uji niupeleke. Alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili.

Nikafanya hivyo vizuri tu, na mwili ukaanza kupungua, hata ngazi za ofisini nikawa napanda bila kusimama katikati. Sasa asubuhi hiyo nikamkuta Bibi ameketi, amekunywa uji wote, ila kikombe cha kwanza alikuwa amejimwagia, blanketi limelowa. Eveline akanipa nimpelekee mama yake alifue. Nikalikunja, nikalitupia begani. Kutoka pale kuja mtaani kwetu ni mteremko mtupu, kuna kaubaridi kazuri, nami najiona mwepesi, nikasema moyoni, ngoja leo nikimbie kidogo.

Uamuzi ni huo tu. Nikakimbia.

Ambacho sikukijua (na miaka yote ile nilikuwa najiona mwenyeji) ni kwamba huku mtu mzima hakimbii asubuhi asubuhi bila sababu, na sababu yenyewe kila mtu anaijua. Na blanketi la mgonjwa likirudi nyumbani kabla ya mgonjwa, habari imekamilika. Nikakutana na akina mama wanakwenda kulima, majembe begani, wakaniona mimi, wakaliona blanketi. Mmoja akashika mdomo. Mimi nikawapungia mkono, nikacheka, nikawaambia "Mwakeye" kama wanavyosalimiana. Wakashusha majembe chini, kwa sababu msiba ukitokea hapa halimi mtu siku hiyo, wakaanza kunifuata. Nikasikia vishindo nyuma yangu, nikadhani nimewahamasisha. Nawaambieni ukweli, nikaongeza mwendo.

Nikaingia uani, Mama Eveline anaosha sufuria, akaniangalia mimi, akaangalia blanketi, akaangalia wale wanawake nyuma yangu.

"Bwana shamba, ni nini?"

Pumzi sina. Nimeinama, mikono kwenye magoti, nanyoosha kidole kumaanisha subiri kwanza. Akajitupa chini palepale kwenye maji ya vyombo. "Mawe wee! Mawe wanje!" (Kwao mawe ni mama.) Na wale wengine wakapokea.

Nilipokuja kupata sauti, ua umejaa, wanaume wanapanga mabenchi, moto umewashwa, na jirani mmoja ameshampigia simu kaka yake Mama Eveline aliyeko Kasulu, naye amefunga duka amekodi gari. Nikapaza sauti kwamba yuko hai, amekunywa uji, nimemwona kwa macho yangu. Mzee mmoja akanishika bega akanikalisha. "Tulia, mwanangu. Kifo kila mtu anakipokea kwa namna yake." Simu ya Eveline haipatikani, imeisha chaji. Mwishowe nikampakia Mama Eveline kwenye pikipiki, amelowa, ana matope, analia njia nzima mgongoni kwangu, tukamkuta Bibi anasukwa nywele.

Bibi akamtazama binti yake kuanzia juu mpaka chini. "Mmenililia?" Mama Eveline akajifuta matope usoni. Akasema tu, "Haya," akageukia ukutani.

Yule kaka alipofika kutoka Kasulu, macho mekundu, hakunipa mkono. "Wewe ukitaka kupungua," akasema, "acha kula."

Nikawa kichekesho cha mji. Akina mama wakikutana nami asubuhi wanauliza, "Bwana shamba, leo tulime au tusilime?" Nami nacheka nao, nitafanyaje, napeleka uji wangu kwa mwendo wa polepole, kama daktari alivyosema tangu mwanzo.

Haikupita muda mrefu. Asubuhi moja nikafika wodini, kitanda hakina shuka, Eveline amekaa sakafuni kwenye korido. Akasema hawezi kumwambia mama yake kwenye simu, niende mimi. Nikashika njia na chupa ya uji mkononi. Nilitembea. Sijawahi kutembea polepole namna ile, na mteremko wote ule niliuona mfupi.

"Leo tulime, bwana shamba?" Ni wale akina mama, majembe begani. Nilitaka kuwaambia washushe majembe, lakini ningewaambiaje wao kabla ya mwenyewe? Wakacheka, wakapita kwenda mashambani.

Mama Eveline alikuwa amesimama getini. Aliponiona nakuja taratibu akatabasamu, kabisa, tabasamu ambalo hakuwa nalo tangu mama yake alazwe.

"Afadhali leo unatembea kama watu," akasema, akanipokea chupa, akaipima uzito kwa mkono. "Ah. Mama amekataa uji tena?"

Nikamwambia. Alicheka kidogo kwanza, akidhani nataniana naye. Halafu ikabidi nirudie, na hicho ndicho ninachojilaumu mpaka leo, kwamba mama wa watu aliambiwa msiba mmoja mara tatu. Hata majirani hawakuja haraka. Ilibidi twende kuwaita shamba kwa shamba, na kaka wa Kasulu akaikata simu yangu mara ya kwanza nilipopiga.

Daktari bado ananiuliza kama nafanya mazoezi. Nafanya, nazunguka nyumba ndani ya ua, natembea tu. Kukimbia mji huu sikimbii tena, hata mvua ya mawe initandike barabarani, nitatembea nayo mpaka nyumbani.