Rangi ya Pombe ya Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja kule Karungu, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja tu, mjuaji kupita kiasi. Nilitoka Homa Bay mjini, ambako nilikuwa naosha glasi katika hoteli moja, nikiona bia za chupa zinavyong'aa zikimiminwa. Basi nikaamini pombe nzuri ni pombe nyeupe, nyepesi, na watu wa Karungu na busaa yao, pombe ya kahawia ya mahindi, ni washamba. Mshamba nilikuwa mimi, ila hapakuwa na wa kuniambia.

Mama mkwe wangu, Mama Dorka, alisifiwa kwa busaa mpaka Osiri kwenye machimbo ya dhahabu. Lakini wakati huo macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli, rangi hakuziona tena. Mumewe alikuwa amefariki, na siku ya kumkumbuka ilipokaribia, chifu alitupa ruhusa ya kupika. Mama alitaka jambo moja tu, kwamba mumewe amwagiwe kaburini pombe ileile aliyompikia maisha yao yote.

"Nyar Homa Bay," akaniita, maana wake huko huitwa binti wa mahali walikotoka, "mikono yangu bado iko. Wewe utakuwa macho yangu."

Kazi yenyewe unaijua. Unga wa mahindi uliochachuka hukaangwa juu ya bati, na hapo ndipo rangi ya pombe inapoamuliwa, kabla ya maji na kimea cha wimbi. Mama alitaka unga ufike rangi ya njugu iliyokaangwa ikaiva. Yeye aligeuza, mimi nikatazama. Unga ulikuwa bado mweupe, haujaanza hata kubadilika, nami nikawaza wale wageni wa mjini watakaokuja, na jinsi watakavyouliza ni nani aliyepika pombe maridadi namna hii.

"Rangi imefika?"

"Imefika, Mama."

Akasita, mwiko mkononi. "Mbona sisikii harufu yake?"

"Ni mafua, Mama. Tangu jana unapiga chafya."

Alikuwa amepiga chafya moja tu. Lakini aliniamini, akaondoa bati motoni. Pombe ilipokuwa tayari niliichuja mara tatu kwa kitambaa kipya, kisha nikaongeza maji yaliyochemshwa ili iwe nyepesi zaidi. Ikawa kama maji ya kuoshea mchele, nami nikaiona nzuri ajabu! Mama hakuionja. Katika boma lile mjane hakugusa pombe ya kumkumbuka mumewe kabla ya wazee.

Siku ikafika, wazee wakaketi karibu na kaburi. Mzee Okelo, ndugu wa marehemu, alichota kwa kata, akatazama ndani, akaonja, akatema.

"Dorka, hii ni nini? Ndugu yangu alikukosea wapi, mpaka unamletea uji mbichi?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka pale, nimebeba chungu cha pili. Maneno ya kusema nilikuwa nayo, na nafasi nilipewa, maana Mama aligeuza uso kuelekea niliposimama akangoja. Nikatazama miguu yangu.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Macho yangu yameisha. Nimekosea rangi."

Wakamwaga maji matupu kaburini badala ya pombe. Mama alikaa pale akiwa ameshika ncha ya leso yake, na hakulia mbele za watu.

Hakupika tena. Lile bati likaenda kuezeka kibanda cha kuku, na waliokuja kumwomba pombe ya sherehe aliwaelekeza kwa wengine. Hakuniuliza hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma. Alinipa chakula kizuri, alinipokelea watoto wangu, akawaimbia. Mimi nilingoja siku nzuri ya kumwambia. Nilingoja miaka mitatu, naye akafa. Nilikuja kusema peke yangu kaburini kwake, nikilia kwa sauti, na haikusaidia kitu.

Sasa macho yangu nami yamechoka, na wewe uliyeolewa na mwanangu ndiye unayenitazamia bati. Jana uliposema rangi imefika nilisita, ukacheka ukaniambia uzee unanitia wasiwasi. Si uzee. Mtu akikuomba uwe macho yake, mwanangu, mwambie kile kilichopo, si kile unachotaka kiwepo. Kama wataka pombe nyeupe, sema waitaka, tugombane, tuimalize. Na ukikosea, sema palepale, watu wakiwa bado wamekaa. Usingoje siku nzuri kama mimi, na usimwache mwingine avae aibu yako.

Mungu akulinde, aibariki mikono yako na nyumba yako. Akuachie macho yako mpaka uzeeni, na yakichoka, akupe wa kukuambia kweli. Haya, moto umeshika. Sogea karibu na bati, utazame vizuri, uniambie unga una rangi gani.