Fundi wa Sakafu ya Moshi

Sun-rye aliingia kwa mama mkwe wake mara ya kwanza, begi bado mgongoni, akamkuta mwanamume amelala kifudifudi katikati ya chumba, shavu kwenye sakafu. "Usimsemeshe," mama mkwe alisema huku akikohoa. "Ni fundi. Moshi wa jiko unapita chini ya mawe kutupasha joto, sasa njia yake imeziba mahali, moshi unarudi ndani. Siku ya nne leo sijalala. Asipopaona, ataibomoa sakafu yote, na mimi baridi hii sitaivuka." Fundi aliinuka, akavua soksi, akaanza kutembea taratibu, nyayo zikipapasa. Kila hatua chache alisimama, macho nusu wazi, na mkono wake wa kulia ukapanda, ukapinda, ukashuka, kama unafuata moshi kule chini. Karibu na kabati mkono ulikwama hewani. Aliurudisha nyuma, akaupeleka tena; ukakwama palepale. Akapiga magoti, akachana karatasi nene iliyotandikwa juu ya mawe ya sakafu, akang'oa jiwe moja tu, akatoa ndoo nzima ya masizi na udongo ulioporomoka.

"Umejuaje, mjomba?" Sun-rye aliuliza. Fundi alifungua kinywa, mkono ukaanza kupanda, kisha akauacha uanguke pajani. "Palikuwa hapa," alisema kwa uchovu.

"Usijisumbue, mwanangu," mama mkwe alisema. "Miaka thelathini namuuliza mimi."

Fundi alirudisha jiwe, akawasha moto, akaondoka bila kungoja chai. Sun-rye alipotoka mlangoni kumsindikiza kwa macho na kugeuka, mama mkwe alikuwa amelala sakafuni, akikoroma mdomo wazi, koti bado mwilini.