Tope Lililozivika Chembe za Zeolaiti

Safari hii ilianza na lawama. Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa maji katika duka la vifaa vya mitambo, Chumbageni mjini Tanga. Shamba moja la mkonge karibu na Maramba lililalamika kwamba zeolaiti tuliyowauzia, zile chembe za kulainisha maji ya boila, zimekufa mapema, na boila imeota ukoko wa chokaa. Meneja wa shamba alikwisha kusema kwamba kama chembe si mbovu, basi mtunza boila, Mzee Yohana, ni mzembe na atafukuzwa. Tajiri wangu akanituma nikaangalie, akitumaini nitarudi na habari kwamba kosa si letu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilidandia lori la unga. Njiani nilisoma gazeti la kitaalamu la tajiri. Lilisema kwamba huko ng'ambo wanayajaribu mawe ya aina hii kama kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya mafuta bila chenyewe kuliwa. Fuwele zake zina vijitundu visivyoonekana kwa macho, nao wataalamu wanabishana: kazi hufanyika usoni mwa fuwele au ndani ya vijitundu? Swali hilo likanikaa kichwani. Mama alizoea kusema kwamba maswali yangu yatanichelewesha hata kaburini.

Maramba tulifika saa tano. Mzee Yohana, Mshambaa mrefu mwenye nyusi za mvi, alikuwa kando ya tangi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Aliniambia kwamba hutia chumvi kila wiki kama alivyofundishwa, maana chumvi ndiyo huzirudishia chembe nguvu.

Kipimo changu kilikuwa chupa na sabuni, kwa kuwa maji laini hutoa povu na maji magumu hukataa. Nilipitisha maji kwenye chembe za tangini, nikatikisa, povu hakuna. Nikatoa kalamu niandike kwamba zimekufa kwa kukosa matunzo. Lakini lile swali la gazeti lilikuwa likiniwasha bado. Nikazipondaponda chembe chache kwa nyundo. Nje zilivikwa utando wa tope, ndani zilikuwa nyeupe. Nikapitisha maji kwenye ule unga, na povu likapanda hadi shingoni mwa chupa.

"Mzee, tope hili limetoka wapi?"

Akanifungulia stoo. Shamba liliwanunulia manamba, wale vibarua wa mkataba, chumvi ya kuchemsha kutoka pwani ya Moa, iliyochanganyika na udongo. Ya tangi ilikuwa nyeupe, ya dukani. Yeye alizibadilisha: nyeupe akawapa watu, ya udongo akaitia tangini.

"Watu walikuwa wanatafuna mchanga," alisema. "Mashine haina ulimi, mwanangu. Watu wanao."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Nikamweleza kwamba chembe hazikufa, ila tope limeziba usoni na maji hayapati pa kuingilia. Nilikuwa tayari kumfichia, lakini alikwenda kwa meneja akasema mwenyewe. Meneja akatupa hadi saa kumi jioni: maji yakitoa povu, mzee abaki, yasipotoa, afunge virago.

Tulizisugua chembe kwa maji moto, ndoo baada ya ndoo, tukazilaza katika maji ya chumvi nyeupe. Saa tisa unusu Mzee Yohana alitikisa chupa mwenyewe. Povu likapanda. Akaiweka chini taratibu, kisha akaomba aitikise tena. Chumvi nyeupe ikarudi tangini. Ile ya Moa alianza kuiyeyusha na kuwachujia manamba kwa kitambaa kabla ya kupikia.

Kesho yake nilirudi Tanga, watu wakanisifu kwa kumwokoa mzee wa watu. Sikuwakatiza, nami sikufurahi. Nimejifunza kwamba kilichoganda usoni mwa kitu chaweza kukizuia kizima kisifanye kazi, na kwamba nilivunja zile chembe kwa udadisi tu, wala si kwa huruma. Kalamu ya kumfukuzisha ilikuwa mkononi tayari.